Mto wa Kijani wa Kabati la Juu

Jepkoech, siku mliponiaga hapo karakana ulipanda juu ya stuli kutafuta sahani za keki, ukakuta kitu nyuma ya makopo ya gundi. Ukauliza swali la kawaida kabisa: "Mama Rispa, hii mto ya kijani ni ya nani? Tuifumue tutoe sponji?" Nami nikakujibu vibaya mbele ya watu wote. Nilisema ukiugusa mto huo nitafuta kustaafu kwangu na kurudi kazini Jumatatu. Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa mama anayeogopa kwenda kukaa nyumbani. Kuogopa nilikuwa naogopa, lakini utani haukuwepo.

Nimekaa wiki tatu nikitafuta namna ya kukuomba radhi. Naona njia ni kukuandikia wewe na wenzako mnaobaki karakana, niwaeleze mto ule ulikotoka. Sitawasumbua na habari za vyeo. Nilipandishwa cheo mara mbili na mara zote mbili cherehani ilibaki ile ile.

Nilifika karakana ya hospitali nikiwa binti aliyetoka upande wa ziwa na cheti cha ushonaji kilichokunjwa ndani ya Biblia. Nilidhani nitashona mashuka. Aliyenipokea alikuwa Mzee Barasa, fundi wa ngozi, mtu mfupi mwenye vidole vilivyokauka kwa gundi. Alinionyesha viatu vya chuma vya watoto waliougua polio, mishipi ya mgongo, mikanda ya mikono bandia, na mito ya viti vya magurudumu. Kisha akaniomba utepe wangu wa kupimia. Nikampa kwa fahari, ulikuwa mpya. Akautia kwenye droo, na hadi leo sijarudishiwa.

Badala yake alinipa kamba nyembamba ya katani. Alisema utepe hurefuka kwa jasho, lakini fundo halidanganyi. Unazungusha kamba, unafunga fundo, unaandika jina la mtu kwenye kikaratasi, unakifunga hapo kwenye kamba. Ninyi mnapima kwa chuma na kompyuta, na sina ugomvi na kompyuta. Ila kila Jumatatu asubuhi Mzee Barasa alitupima sisi wenyewe, na kila Ijumaa jioni akatupima tena, na mafundo hayakuwahi kukutana. Alizishika kamba mbili pamoja, akasema maneno yake matatu: "Mtu si mbao."

Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila mtu hupimwa upya, hata kama ulimpima jana, hata kama ni mama yako. Ya pili, mto uliokosewa hufumuliwa siku hiyo hiyo, sponji irudi kwenye gunia, kosa lisilale karakana.

Njeri alikuja mwaka wangu wa tatu. Alikuwa mjane kijana asiye na mtoto, mkaaji wa Yamumbi, mpana wa nyonga, na mwenye sauti iliyofika wodini kabla yake. Cherehani zetu zilitazamana. Kwa miaka kumi na minane niliinua macho nikaona uso wake, na nikichoka kuuona niliinamisha kichwa nikasikia kanyagio lake. Alikuwa akikanyaga haraka kuliko mimi na kukata uzi kwa meno, jambo ambalo Mzee Barasa alimkataza kila siku na kila siku akaahidi kuacha.

Tulishoneana nguo. Mwanzoni tulipimana kila mara, kisha tukaona ni kupoteza muda. Nilikuwa na vipimo vyake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu, naye alikuwa na vyangu kwenye lake. Akileta kitambaa nilikata bila kumuuliza, na gauni likamkaa. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Tulikuwa tumelisikia neno hilo, lakini tulidhani wanasema habari za watu wengine.

Niwaeleze kisa kimoja tu cha miaka hiyo, kwa sababu kitarudi. Mkulima mmoja wa Chepsaita alimleta binti yake aliyezaliwa na udhaifu wa mwili mzima. Njeri alimshonea mto. Baba akasema mtoto anakua, heri mto uwe mkubwa udumu. Njeri akamhurumia, akaongeza inchi mbili. Mzee Barasa alipouona, alimwekea Njeri wembe mezani. Njeri akaufumua mbele yetu sote huku machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo, mwanafunzi yeyote aliyekuja karakana alisomeshwa na Njeri mwenyewe: "Ukiacha nafasi kando ya mtu, ataegemea. Mwenye hasikii mwili hawezi jua ameegemea. Akiegemea, nyama itaoza, na wewe utakuwa umekunywa chai umeenda nyumbani." Hakuna aliyelijua somo hilo kuliko yeye.

Tulifunga kazi kabla ya Krismasi ya ule mwaka wa uchaguzi. Njeri alikuwa amevaa gauni la kijani nililomshonea. Lilimkaa vizuri mno, naye alijua, ndiyo maana alitembea polepole kwenda langoni ili tumtazame. Pale langoni aligeuka akanipungia mkono. "Rispa, tarehe mbili usichelewe. Mimi nitafungua dirisha." Tarehe mbili hakuna aliyefungua dirisha.

Mnajua yaliyotokea mji huu Januari ile baada ya kura, makabila yalipofukuzana kwa moto, na wasiojua wataelezwa na wazazi wao wakipenda. Mimi nitasema ya Njeri tu. Nyumba yake ya Yamumbi iliungua na kila kilichokuwemo. Alipanda lori lililojaa magodoro, viti na watu, akakaa juu kabisa kwa sababu chini aliwaachia wenye watoto. Lori lilikwepa mawe barabarani, naye akaanguka. Shingo ilivunjika.

Nilimpata baada ya siku nyingi kupitia Sista Chebet wa wodi, aliyemtambua na kunitumia mtu. Njeri alilala akitazama dari, kichwa kimezuiwa kwa mifuko ya mchanga. Mikono iliweza kusogea kidogo begani, vidole vimejikunja, na kuanzia kifuani kwenda chini hapakuwa na habari. Nilikuwa nimejiandalia njiani maneno ya kumwambia. Yeye ndiye aliyeanza.

"Rispa, mashine yangu imefunikwa?"

Nikasema imefunikwa. Haikuwa imefunikwa. Nilirudi karakana mbio nikaifunika.

Alikaa wodini miezi. Ilipofika siku ya kuambiwa kitanda kinahitajika, ndipo nilipojua kazi yangu ya miaka yote ilikuwa nusu ya kazi. Sisi tulimkabidhi mtu kiti, tukamtakia heri, akatoka mlangoni. Sikuwahi kujiuliza anatoka kwenda wapi. Njeri hakuwa na nyumba. Kambi ya waliohamishwa ilikuwa na mahema na matope, na hema si mahali pa mtu anayepaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Dada yake Wangari alikuwa Nyahururu, na barabara bado haikuaminika. Nikasema atakuja kwangu, Langas.

Mume wangu alivunja fremu ya mlango ili kiti kipite. Jirani mmoja alikuja kutuonya kwamba nyumba inayoweka watu wa upande ule itawekwa alama ya kuchomwa. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, nyundo mkononi. "Huyo mama hata kijiko hawezi kushika," alimwambia. "Mnaogopa atuibie nini?" Jirani akaondoka, lakini kwa wiki nyingi mume wangu alilala na viatu miguuni.

Sasa nifike kwenye mto.

Mafundi vijana wa chuma walimtengenezea Njeri fremu nzuri sana, maana alikuwa wetu. Mto ulikuwa wangu. Mzee Barasa alikuwa amestaafu, hakuna wa kunisimamia. Nilikwenda wodini na kamba mkononi. Nikamkuta Sista Chebet amemgeuza ubavu, shuka limeteremka, na nikaona mgongo wa rafiki yangu umebaki mifupa. Nilirudisha kamba mfukoni. Sikuweza kumzungushia kamba Njeri kama ninavyomzungushia mgonjwa. Nikajiambia, vipimo vyake ninavyo, nimemshonea miaka kumi na minane, nani anamjua kuliko mimi? Nikarudi karakana, nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, nikakata sponji ya inchi kumi na tisa. Juu yake nikashona mabaki ya kitambaa cha lile gauni la kijani. Ulikuwa mto mzuri kuliko yote niliyowahi kushona, na niliushona nikiimba.

Siku tulipomkalisha mlangoni kwetu Langas alifumba macho, jua likampiga usoni. Akasema, "Nimekaa." Nikalia hadharani na sikuona haya.

Msaada ukaanza kuja, na nilijifunza kuupambanua. Watu walileta sukari, unga na maombi. Sukari tulikunywa na maombi tuliyaitikia, lakini nilichohitaji kilikuwa mikono ya kumgeuza nikiwa kazini. Akina mama wa kanisa waliandika zamu kwa kalamu ya rangi wakaibandika ukutani. Zamu ilidumu mpaka shule zilipofunguliwa. Siwalaumu, kila mtu mwaka ule alikuwa na kaburi au nyumba ya kujenga. Aliyebaki alikuwa Mama Cheptoo, aliyeuza maziwa nyumba ya nne kutoka kwetu, ambaye hakuwemo hata kwenye orodha. Alikuja siku moja akasimama mlangoni na debe lake.

"Mimi sijui kuomba mbele ya watu," alisema. "Nionyeshe vile anageuzwa."

Nikamwonyesha. Kuanzia siku hiyo alimgeuza saa nne, saa sita na saa nane, katikati ya wateja wake wa maziwa. Yeye na Njeri walibishana siku nzima juu ya namna ya kupika mboga, na sikuwahi kusikia wakizungumza habari za Januari.

Ni Mama Cheptoo aliyeona. Alikuwa akimwosha Njeri, akanyamaza katikati ya ubishi. Niliporudi kutoka kazini alinishika mkono akanipeleka nyuma ya pazia. Chini ya nyonga ya kushoto palikuwa na kidonda kinachoingia ngumi ya mtoto. Mimi, mshonaji wa mito, nilisimama pale nikakumbuka mganga hajigangi, na sikuona faraja yoyote ndani ya methali hiyo.

Njeri akarudi wodini na homa. Usaha ulikaribia mfupa. Daktari alinieleza bila kuzunguka kwamba wengi huwa hawatoki. Nilimtafuta Mzee Barasa shambani kwake, nikamweleza yote, nikitaka anifokee. Alichukua kofia tukaja pamoja. Alimwamkia Njeri, akaomba ruhusa yake, akatoa kamba, akamzungushia polepole huku akimweleza kila anachofanya. Kisha akailaza ile kamba juu ya mto wa kijani. Tofauti ilikuwa inchi nne.

Hakunifokea. Aliweka kamba mkononi mwangu akasema, "Mtu si mbao, Rispa," kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Ningependelea anipige.

Tulipobaki wawili nilimwambia Njeri kwamba mimi ndiye niliyemuumiza. Nilimwambia kuhusu daftari.

"Si nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile mliniweka. Kwani mimi sijui inchi kumi na tisa? Niliona mto imebaki huku na huku. Niliona hata kitambaa."

"Na ukanyamaza? Wewe, Njeri? Wewe unafundisha watu?"

Akageuza macho dirishani. "Ulikuwa umenishonea mwili yangu ya zamani, Rispa. Nilitaka tu kuikalia kidogo."

Nimesikia mengi wodini kwa miaka thelathini na mitano. Hakuna lililonikaa kama hilo. Kumbe wote wawili tulikuwa tumekataa kupima, mimi kwa huruma na yeye kwa hamu, na katikati yetu nyama ikaoza.

Alipona. Ilichukua miezi mitano na mshono wa daktari ambao Njeri aliudharau. "Huyo alishona na macho imefungwa," alisema. Niliandaa wembe nifumue mto wa kijani kama sheria inavyotaka, akanizuia. "Hiyo usifumue. Weka mahali sitaikalia." Nikauweka kabati la juu la karakana. Ndiyo mara pekee niliyovunja sheria ya pili ya Mzee Barasa, na yeye alijua, kwa sababu aliuona siku moja alipotutembelea akajifanya anatafuta gundi.

Baada ya hapo nilimpima kila mwezi, kwa kamba, akiniambia nikaze fundo. Tulitafuta kadi ya watu wenye ulemavu ili aingizwe kwenye msaada wa serikali. Ofisi moja ilitaka kitambulisho, na kitambulisho kiliungua. Ofisi ya kitambulisho ikataka alama za vidole, na vidole vyake havikufunguka. Karani alivuta kidole kimoja kimoja kama anayemenya ndizi mbichi. Njeri akamwambia, "Kijana, chukua tu mkono wote uende nayo, nami sina kazi nayo." Karani alicheka mpaka akasimama mwenyewe kutafuta mkubwa wake, na mambo yakaenda. Nawaambia hili kwa sababu mtaombwa ushauri: fuataneni na mtu wenu mpaka dirishani. Karatasi peke yake hurudi.

Karakana ilimkubali arudi kufundisha. Vijana waliofanya kazi na mume wangu pale stendi ya pikipiki za boda walimsukuma asubuhi na jioni kwa zamu. Alikaa mbele ya cherehani yake isiyokanyagwa, akiwatazama wanafunzi. "Shona polepole, huyo si gunia." Niliinua macho nikaona uso wake tena. Nilidhani tumefika. Nilidhani tutazeeka hivyo, tukitazamana.

Uchaguzi uliofuata ulipokaribia alianza kuuliza tarehe. Usiku hakulala, na asiyeweza kujigeuza akikosa usingizi, hukosa vibaya. Jumapili moja aliniambia anakwenda Nyahururu kwa Wangari. Nilikasirika. Nilimhesabia mlango tuliovunja, kadi, boda, Mama Cheptoo. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Akaniacha nimalize.

"Rispa, wewe umenifanyia vyote," alisema. "Lakini nataka kuzeeka mahali siogopi kalenda."

Nilimfungia mizigo mwenyewe. Mama Cheptoo alimfungia mkate na maziwa ya mursik yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Mume wangu alirudisha fremu ya mlango mwaka uliofuata kwa sababu baridi iliingia, na siku aliyoirudisha nililala bila kula.

Kuanzia hapo Njeri alinijia kwa bahasha. Kila baada ya miezi michache Wangari alimpima kwa kamba, akafunga fundo, akaituma kwa basi. Mimi nilishona mto nikautuma kwa basi hilo hilo. Simu tulipiga, lakini kwenye simu Njeri alifanya mzaha tu. Kamba ndiyo iliyoniambia ukweli. Inchi kumi na tano. Kumi na nne na nusu. Kumi na nne. Nilijua anapungua kabla Wangari hajathubutu kusema. Siku moja nilikuwa nimeshona, nimefunga kifurushi, nimeandika jina, Wangari akapiga simu asubuhi kusema kifua kilimbana na amekwenda. Kifurushi kile nilimpa mtoto mwingine wa Chepsaita. Nilimpima kwanza.

Nilikwenda mazishi. Wangari alikuwa akitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, akaniuliza kama ninayo. Sikuwa nayo. Tulikuwa watu wa enzi ambayo picha ilipigwa studio na kutundikwa ukutani, na ukuta wa Njeri uliungua. Zilizokuwepo zilikuwa za baada, akiwa kitini, uso umechongoka. Waliweka moja ya hizo. Waombolezaji wakamtazama wakidhani ndivyo alivyokuwa.

Kwa hiyo, Jepkoech, nisamehe kwa jibu langu. Mto ule haufai kukaliwa na mtu yeyote, umekosewa inchi nne. Nitakuja Jumatatu kuuchukua, msipate taabu ya kuutuma. Nimeshauandalia kiti nyumbani, karibu na dirisha. Nikiweka viganja vyangu kwenye kingo zake mbili, huku na huku, napata Njeri kamili, alivyokuwa akienda langoni polepole ili tumtazame.